Trakta Iliyopokelewa kwa Fanta

Loïc alikuja kwa miguu, na hilo peke yake lilitosha kumwambia Dévote kwamba jambo lililomleta si dogo. Mtoto wa marehemu Mzee Callixte kutembea kutoka barabara ya lami mpaka huku ndani Kanyosha, viatu vya ngozi vikichota vumbi, haikuwa kawaida. Lakini gari lake lilikuwa siku ya nne kwenye foleni ya essence, yaani petroli, dereva akilala humo humo, na aliye na haja huifuata hata kwa magoti.

Dévote alikuwa kwenye kigoda, anachambua lengalenga. Mumewe, Népomuscène, alikuwa ameinamia trakta, anaipangusa kwa kitambaa kama mtu anayemfuta mtoto pua. Ilikuwa trakta ndogo ya bustani, ya zamani sana, kimo chake hakikufika kifuani mwa mtu. Kiti chake kilikuwa cha chuma chenye matundu, na injini yake ya pistoni moja ilikuwa na sauti ya mzee anayekohoa kwa mpangilio. Ilikuwa na matangi mawili. Lile dogo la essence, lile kubwa la mafuta ya taa. Uliiwasha kwa kikombe kimoja cha essence, ikishapata moto ukageuza robine, kile kibomba cha kufungulia mafuta, ikala mafuta ya taa mpaka jioni. Katika mji ambao watu walikuwa wanalala kwenye foleni za essence, kitu cha namna hiyo kilikuwa kinatazamwa kama ng'ombe mwenye maziwa wakati wa kiangazi.

"Bonjour, Mama Orlane," Loïc akamsalimu Dévote.

"Bonjour, mutoto ya muzee. Karibu. Nikuletee kiti?"

"Apana, sikai." Loïc aliizunguka trakta, akaiwekea mkono kwenye ubavu. "Kumbe njo hii, ndiyo yenyewe. Batu wananiambia, trakteri ya papa yako inalima huko chini. Mi nasema apana, ile ilikuwa chuma ya kutupa."

"Ilikuwa," Népo akasema.

"Sasa imetengenezeka. Félicitations, Népo, kweli. Papa alifanya vizuri kukuachia uitunze."

Népo aliacha kupangusa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno machache nayo huchelewa kutoka.

"Muzee hakuniachia niitunze. Alinipa."

"Alikupa."

"Alinipa. Kwa mudomo yake."

"Mbele ya nani?"

Népo alimtazama mkewe. Dévote alitazama lengalenga zake, akachomoa jani lenye tundu, akalitupa.

"Mi sitaki kelele," Loïc akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa mtu aliyesoma. "We ulitufanyia kazi miaka mingi, sisi batoto wa papa wote tunakujua. Lakini tuko batano, na kila mumoja ananipigia simu. Samedi hii, jumamosi, tunaondoa kilio ya papa. Ilete pale nyumbani, ikae mbele ya batu, kila mutu aseme yake. Bashingantahe, wazee wa kuamua maneno, watakuwepo. Ikiwa ni yako, utarudi nayo. Si ni haki?"

"Ni haki," Népo akasema.

Loïc aliaga, akarudi na njia ile ile, akiruka mashimo.

Népo alisimama na kitambaa mkononi. Kuku aliingia chini ya trakta, akajilaza kwenye kivuli chake.

"Mbele ya nani, amesema," Népo akanena.

"Nilisikia."

"Nimekuuliza kama ulisikia?"

Dévote akachomoa jani jingine. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa la kwake peke yake.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Mzee Callixte alikuwa amemwita Népo bustanini akamwambia: Umenilimia miaka kumi na nane, na mimi sasa ni mgonjwa, sina cha kukupa isipokuwa kile chuma. Lakini kitu chenye injini si kuku, ni kama ng'ombe. Leta mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, tuite majirani wawili watatu, niseme neno mbele yao, ushukuru, wanywe, yamekwisha. Ndivyo inavyofanyika kwa ng'ombe, kwa kiwanja, kwa bibi harusi. Aliyekunywa ndiye shahidi. Tumbo lake ndilo karatasi.

Népo alikuja nyumbani na habari hiyo akicheka peke yake njiani. Na Dévote, aliyekuwa na miaka kumi hivi tangu aokoke, anayefunga kila Jumatano, akasema: "Pombe haitatoka mu nyumba hii, hata ya kumupa mutu mwengine." Népo aliomba, alieleza, alinuna siku mbili. Siku ya tatu mke wake alibeba beseni kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe, na ndani yake Fanta nne. Majirani hawakuitwa, nani anaita watu wazima waje kunywa Fanta? Waliokuwa pale ni Mzee Callixte, wao wawili, na Rachidi, fundi wa mtaa wa Buyenzi, ambaye mzee mwenyewe alimwita aje aangalie kama injini inaweza kufufuka. Mzee alisema neno lake. Dévote aliomba. Wakanywa Fanta zao. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Sasa mzee alikuwa kaburini, na kicheko chake kilikuwa kimekwenda naye.

"Rachidi alikuwepo," Dévote akasema mwishoni.

"Rachidi ni Mwislamu. Watamuuliza ulikunywa nini, aseme Fanta. Batu watacheka mpaka kesho. Tena ni fundi wangu. Watasema amelipwa aseme."

Akainama tena kwenye trakta yake. Hakuwa amebakiza mahali pa kupangusa.

*

Watu waliokuwa wanaiona trakta ikilima hawakujua ilivyokuwa. Dévote alijua. Miezi tisa alikuwa ameiona ikiwa vipande kwenye magunia chini ya kitanda chake.

Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama ndugu waliokula kiapo. Rachidi alimimina oili iliyochanganywa na mafuta ya taa, akaiacha wiki tatu, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alikuja kuigonga kwa kipande cha ubao, taratibu, akisikiliza. "Chuma ni kama mutu mwenye hasira," alimwambia Népo. "Usimuvute. Mungoje." Wiki ya nne ikasogea kiasi cha unene wa kucha.

Pete za pistoni hazikuuzwa popote. Walizunguka maduka yote ya mtaa wa Asiatique. Wauzaji wa vipuri waliwatazama kama watu wanaoulizia meno ya babu yao. Ikabidi zichongwe kwenye mashine, huko Buyenzi, kutoka silinda ya lori bovu. Pete mbili zilivunjika mkononi. Ya tatu ikakaa. Sumaku ya kutoa moto ilifungwa upya kwa waya za feni iliyokufa. Jointi, yaani gasketi, ya kichwa cha injini Népo aliikata mwenyewe kwa mkasi wa Orlane wa shule, na mtoto akapigwa darasani kwa kukosa mkasi. Kutu aliikwangua kwa mikono yake, jioni baada ya jioni, mpaka alama za vidole vyake zikafutika. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine haikumtambua kama ni mtu.

Rachidi hakumaliza kulipwa mpaka trakta ilipoanza kulima. Alisema, "Nitakula pale itakapokula yenyewe." Na ilipoanza kulima, watu wa bondeni wakaja mmoja mmoja, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa heshima. Népo alianza kuitwa boss. Aliyemwita hivyo wa kwanza alikuwa jirani yao Jimmy, muuza vocha za simu, mtu ambaye mdomo wake ulikuwa haujawahi kukaukiwa na maneno wala pombe.

Jimmy huyo ndiye aliyeingia uani Alhamisi, hata hodi hakumaliza.

"Boss Népo. Nasikia unatafuta mutu alikunywa."

"Nani amekuambia?"

"Kanyosha yote inajua. Sasa unatafuta nini mbali? Mi niko hapa. Kunywa njo kazi yangu."

"We siku ile hata haukuwepo."

"Sikuwepo kwa muzee. Nilikuwa pahali pengine. Lakini nilikuwa nakunywa, hiyo nakuapia." Akavuta kigoda cha Dévote, akakaa. "Sikiliza. Nitasema: muzee alituita, tulikunywa urwarwa, alisema Népo chukua. Si njo alivyosema? Neno ni la kweli. Mi naongeza mutungi tu."

"Na we unataka nini?"

"Shamba yangu, saison mbili, musimu hii na ile inakuja, unilimie. Na huyu mama asinitazame vile."

Dévote alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Alikuwa hamtazami hata kidogo, lakini kweli alikuwa anamwona. Alijua kwamba neno moja tu kutoka kwake, apana, lingemwinua Jimmy kwenye kile kigoda, na mambo yangeishia hapo. Neno hilo aliwahi kulisema mara moja, na matokeo yake yalikuwa yamesimama uani na magurudumu manne.

"Mama Orlane?" Népo akaita. Hakuwa anauliza habari. Alikuwa anaomba ruhusa.

Dévote alizidi kusugua. Sufuria ilikuwa imeng'aa zamani.

"Mi niko na kazi zangu," akasema. "Sijasikia kitu."

Jimmy akacheka, akapiga paja. "Umeona? Mutu wa Mungu amefunga masikio. Ni baraka hiyo."

Alipoondoka, Dévote aliingia ndani kusali kama ilivyokuwa desturi yake saa hiyo. Alipiga magoti, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka magoti yakauma, kisha akainuka akaenda kuwasha mkaa. Hakuwa amesema hata neno.

*

Jumamosi trakta ilikwenda yenyewe mpaka kwa marehemu, Népo juu yake amevaa koti la harusi yake. Watu walitoka majumbani kuitazama. Wengine walimpungia mkono. Dévote alifuata nyuma na kitenge kipya, kwa miguu.

Nyumba ya Mzee Callixte ilikuwa imejaa. Mahema mawili, viti vya plastiki vya kukodi, kreti za bia zimepangwa ukutani kimo cha mtu. Népo alionyeshwa aiegeshe trakta katikati ya ua, mbele ya wote, kama mshtakiwa. Dévote alitafuta kiti upande wa wanawake. Hajakaa sawasawa, Elvire, dada yake Loïc, akamgusa bega.

"Dévote, tusaidie kidogo jikoni. Batu wamekuwa wengi."

Hakumwita Mama Orlane. Alimwita Dévote, kama zamani zile alipokuwa analeta mboga kwa mlango wa nyuma. Dévote alitazama kitenge chake kipya, akakikunja, akaenda. Alipewa beseni la glasi. Akaosha glasi za bia, moja baada ya nyingine. Kwenye dirisha la jikoni aliweza kuona nusu ya ua na kusikia kila kitu.

Sala ikasaliwa, hotuba zikasemwa. Kisha msemaji wa familia akasimama, akauliza kama inavyoulizwa siku ya kuondoa kilio: nani anamdai marehemu, nani anadaiwa na marehemu, nani ameshika mali ya marehemu. Mambo madogo madogo yakaamuliwa. Halafu zamu ya trakta ikafika.

Aliyeongoza bashingantahe alikuwa Mzee Bigirindavyi, mtu mfupi mwenye fimbo ndefu, aliyesema polepole kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkatiza. Loïc alieleza upande wake. Hakutukana mtu. Alisema hajui kama baba yake alitoa. Yeye hakuambiwa, dada zake hawakuambiwa. Kama kuna aliyeambiwa, aseme.

Népo alisimama. Alieleza kwa sentensi tano, akakaa.

"Tumekusikia," Bigirindavyi akasema. "Sasa, Népomuscène, kitu kama hiki hakitoki mu nyumba ya mutu kimya kimya. Nani alikunywa?"

Jimmy akainuka. Alikuwa amenyoa.

"Mi nilikunywa, muzee."

Alisema vizuri, mwongo mwenye mazoezi husema vizuri. Alitaja mtungi, akataja mirija, akaiga hata sauti ya marehemu akisema: Népo, chukua, ni yako na ya batoto wako. Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kukubali, kwa sababu ile ilikuwa kweli sauti ya Callixte. Bigirindavyi alitikisa kichwa polepole. Loïc aliinamisha macho, akaanza kukunja karatasi aliyoshika. Dirishani, glasi mkononi, Dévote aliona jambo likielekea kumalizika, na moyo wake ukapumua. Ukapumua, na papo hapo ukaona aibu kwa kupumua.

Ndipo mtu akaingia langoni amevaa kofia nyeupe, suruali imejaa vumbi mpaka magotini.

Rachidi. Hakuwa ameitwa. Mabasi hayakuwepo, alikuwa ametembea kutoka Buyenzi.

"Muniwie radhi, wazee," alisema, akifuta jasho. "Nimechelewa juu ya njia. Nimesikia kwa batu kuko maneno ya trakteri. Mi njo fundi aliyeitengeneza. Na siku muzee, Mungu amurehemu, anaitoa, mi nilikuwepo."

Népo alinyanyuka nusu, kisha akakaa tena. Hakuna mahali pa kumshika mtu anayesema kweli mbele ya watu mia.

"Sema," Bigirindavyi akamwambia.

"Muzee aliniita nione moteri. Nikamuambia inaweza kupona, lakini ni kazi. Akasema, bas, kazi hiyo ni ya Népo, juu kuanzia leo ni yake. Alisema hivyo, mi nasikia. Huyu mama alikuwa ameleta Fanta nne." Rachidi akatabasamu kwa kukumbuka. "Muzee alicheka sana. Alisema, leo nimezungukwa na batu ya kusali, mumoja ya msikiti, mumoja ya kanisa, nitakufa na kiu. Tukakunywa Fanta. Mama akaomba. Mi nikasema amina."

Watu wakacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikapita chini ya hema la kwanza, na kabla hakijafika la pili kikakatika, kwa kuwa waliokuwa mbele walikuwa wamegeuka kumtazama Jimmy.

"Mulikuwa bangapi?" Bigirindavyi akauliza.

"Bane. Muzee, Népo, mama na mimi."

"Na huyu?"

Rachidi alimtazama Jimmy kwa heshima, kama mtu anayejitahidi kukumbuka. "Huyu simujui, muzee."

"Fundi anasahau," Jimmy akasema. "Mi nilikuja nyuma, na mutungi, ye alikuwa ameshatoka…"

"Umesema muzee aliwaita kwa ajili ya kusikia. Sasa umekuja nyuma?" Bigirindavyi akamuuliza.

Jimmy alifunua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Kanyosha kuuona mdomo ule ukiwa wazi bila kitu ndani.

Bigirindavyi aliinama. Akachora duara chini kwa fimbo yake, akalifuta. "Tuko na mashahidi wawili na siku mbili tofauti," akasema. "Lakini kuko mutu mumoja hapa ambaye sijawahi kusikia uongo wake, na hata majirani zake wasiomupenda wanasema hivyo. Mama Orlane ako wapi?"

Wanawake wa jikoni wakamtazama. Elvire alimpokonya glasi mkononi. Dévote akatoka na mikono iliyolowa, sabuni ikimdondoka kwenye vidole, akasimama kati ya trakta na wazee. Hakujua aipanguse wapi ile mikono. Kitenge kilikuwa kipya.

"Mama," Bigirindavyi akasema, na alisema kwa upole wa kweli, "siku ile, ilikuwa urwarwa ao ilikuwa Fanta?"

Alimwona mumewe. Népo hakumkonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti, ile mikono isiyo na alama, akamwachia. Aliona pia Rachidi, aliyekuwa bado anatabasamu kidogo, akingoja aungwe mkono, vumbi la Buyenzi miguuni. Ingemtosha neno moja. Urwarwa. Fundi angeitwa mwongo mbele ya watu, angerudi kwao na kofia yake, na trakta ingerudi nyumbani.

"Ilikuwa Fanta," Dévote akasema.

"Huyu alikuwepo?"

"Apana."

"Mulijua atakuja kusema hivi?"

Dévote akaipangusa mikono kwenye kitenge kipya. "Nilijua. Alikuja kwetu jeudi, juzi. Nilijifanya sisikii."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kreti za bia, mtu aliyekuwa anafungua chupa alisimama na kifunguo mkononi.

Wazee walijitenga nyuma ya nyumba, hawakukaa sana. Waliporudi, Bigirindavyi hakukaa chini.

"Trakteri inabaki kwa batoto wa Callixte," akasema. "Fundi, pengine umesema kweli. Lakini mutu anayesimamisha shahidi wa uongo, ameivunja haki yake kwa mukono wake. Tukimupa leo, kesho kila mutu atakuja na Jimmy wake." Kisha akamgeukia Dévote, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata zaidi. "Mama, nani aliwaambia Fanta si kinywaji? Mungekuja na fundi huyu peke yake, na Fanta zenu nne, tungewaambia rudini nyumbani na mali yenu. Kinywaji ni kinywaji. Tunauliza kilichosemwa, hatuulizi kilichochachuka."

*

Langoni Rachidi aliwangoja. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na bila hilo alionekana mzee.

"Mungenieleza," alisema.

"Ungesema uongo?" Népo akamuuliza.

"Apana. Ningebaki Buyenzi."

Aliwapa mkono wote wawili, wa Népo akaushika kwa muda, akaondoka kabla giza halijamkuta njiani. Jimmy alikuwa ameshapata chupa na amekaa chini ya hema la pili.

Kabla hawajaondoka nao, Loïc alimwita Népo kwa sauti ya chini. Alikuwa amejaribu kuiwasha trakta na haikukubali. Watu walikuwa wanamtazama.

Népo angeweza kusema sijui. Dévote alimtazama akilivua koti la harusi, akilitundika juu ya usukani, akichuchumaa. "Robine hii njo ya essence," akaeleza. "Unaanza na hii. Ikipata moto, unageuza hapa, inakula mafuta ya taa. Lakini sikiliza: kabla ya kuzima, rudisha kwa essence, dakika mbili. Ukizima na mafuta ya taa ndani, kesho haiwaki, na ukiilazimisha utaharibu pete. Pete hizo haziuzwi." Akarudia mara mbili. Akamwonyesha pa kusikiliza. Akainuka, akavaa koti, na kwenye mkono wa koti kulikuwa na oili.

"Népo," Loïc akasema, na kweli alikuwa na haya, "mi siwezi hii kitu. Njoo uiendeshe. Kazi ya kila siku, nitakulipa kila samedi. Tuanze lundi, kesho kutwa."

"Nitakuja."

Walirudi nyumbani wawili, Népo mbele, Dévote nyuma, kama walivyokwenda, ila sasa wote kwa miguu. Waliompungia asubuhi walijifanya wana shughuli. Walipofika kwenye daraja dogo, Népo alisema bila kugeuka:

"Ulisema vizuri."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, mke wake angejua pa kushika.

*

Jumatatu asubuhi Dévote alishuka bondeni na jembe. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na shamba lao halikuwa limeguswa. Walikuwa wamengoja trakta imalize ya watu kwanza, wao wawe wa mwisho. Alianzia kona ya chini. Udongo ulikuwa mzito, unang'ang'ania jembe.

Aliisikia kabla hajaiona. Kikohozi kile kile cha mpangilio. Népo alikuwa analilima shamba la jirani, na shamba la jirani ni la Jimmy, aliyesimama pembeni na mwavuli. Loïc alikuwa anapokea yeyote mwenye cha kulipa, na Jimmy alikuwa amekopa mahali.

"Mama Orlane," Jimmy akaita, "usininunie. Mi nilijaribu."

Dévote akainua jembe, akalishusha.

Trakta ilikuja mpaka kwenye mstari wa matete uliotenganisha mashamba, ikageuka, ikaenda. Ikarudi, ikageuka. Mara ya tatu ilipokaribia, Jimmy alikunja mwavuli akaelekeza nao.

"Boss, ingia kidogo hapo kwa mama. Muhari mbili tatu tu, mutaro kidogo. Nani ataona?"

Népo alipunguza moto. Alikuwa juu ya kile kiti chenye matundu, hatua nne kutoka kwa mke wake, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye kanisani.

"Mafuta ni ya Loïc," akasema.

Akageuza. Magurudumu yalipita sambamba na matete bila kuyagusa, na mtaro ukabaki nyuma yake umenyooka kama uzi uliovutwa, hata unyayo mmoja haukuvuka. Miaka kumi na moja Dévote alikuwa amemfundisha hivyo, kwa sala, kwa kununa, kwa Jumatano zake zote.

Alitema mate mikononi, akashika jembe, akaanza kulima, upande wake wa matete, kutoka pale mtaro wa mumewe ulipoishia.